Injili Si Fimbo ya Kumchapia Mwenzako



Ndugu wapendwa wanandoa, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huliahidi wakati wa mafundisho ya ndoa na baadaye huliacha njiani. Jambo lenyewe ni kusoma Injili pamoja kila siku, mume na mke, kabla ya kulala au kabla ya kutoka nyumbani asubuhi. Rozari bado twaijua. Sala ya kabla ya kula tunaisali, ingawa mara nyingine tonge limekwisha ingia mdomoni. Lakini kitabu cha Injili kinakaa juu ya kabati pamoja na cheti cha ndoa na kadi za kliniki za watoto, na kinateremshwa siku ile jumuiya inapokuja kusali kwetu.

Ukiwauliza wenye nyumba sababu, watakuambia hawana wakati. Mimi siamini sana jibu hilo. Injili ya siku ya kawaida husomwa kwa dakika mbili au tatu, na watu hao hao hukaa na simu mkononi mpaka saa tano ya usiku. Katika kuzungumza na wanandoa wa vigango vyetu, sababu ninayoikuta mara nyingi ni nyingine kabisa. Walianza vizuri. Kisha siku moja neno la Bwana likatumiwa kumchoma mmoja wao, na tangu siku hiyo yule aliyechomwa hataki tena kuketi.

Hebu tuchukue mfano wa Martha na Maria, katika Luka sura ya 10. Kanisa hutusomea Injili hiyo kila mwaka, Jumanne ya juma la 27 la Mwaka, yaani mapema mwezi wa Oktoba. Bwana ameketi kwenye kiti, viatu amevua, kitabu kiko mkononi. Mama anakoroga sufuria huku akimtazama mtoto asikaribie jiko. Bwana anasoma kwa sauti kubwa, kisha anafunga kitabu na kusema, "Umesikia, Mama Watoto? Wewe ndiwe Martha. Kila saa kuhangaika, hata kuketi na Bwana huwezi." Na chakula anachokingoja ni kile kile anachohangaikia Martha!

Msifikiri akina mama hawajui kulipiza. Ikifika siku ya tajiri na Lazaro, mama husoma polepole, na kila akifika mahali pa tajiri anayekula na kunywa bila kumwona maskini wa mlangoni, huinua macho na kumtazama mzee. Hakuna neno lililoongezwa, lakini kila mmoja amesikia. Hapo Injili imekuwa shahidi wa mashtaka na sebule imekuwa mahakama. Nani atapenda kwenda mahakamani kila jioni?

Bwana wetu mwenyewe alilijua jambo hili. Katika Mathayo sura ya 7 anasema juu ya mtu anayeona kibanzi katika jicho la ndugu yake asione boriti iliyo katika jicho lake mwenyewe. Nawaomba mwangalie vizuri, kwa maana hakusema kibanzi hakipo. Kipo. Mwenzako ana kosa lake, na labda unalijua kuliko mtu yeyote duniani. Lakini Bwana amepanga zamu: boriti yako kwanza. Kwa hiyo mnapoketi wawili mbele ya Injili, isome kama barua iliyoandikwa kwa jina lako wewe. Jina la mwenzako limeandikwa katika barua yake, naye ataifungua mwenyewe.

Njia ya kufanya hivyo si ngeni kwetu. Tangu maaskofu wa AMECEA walipokutana Nairobi mwaka wa 1976 na kuziweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo mbele katika kazi ya uchungaji, tumejifunza kusoma Injili tukiwa kikundi. Jumuiya nyingi hutumia zile hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko, Afrika ya Kusini. Mtajikumbusha kwamba baada ya kusoma, kila mmoja hutaja neno au sehemu iliyomgusa yeye. Tunakaa kimya kidogo. Tena katika kushirikishana hatuhubiriani wala hatubishani. Jambo la kushangaza ni kwamba tunaweza kumheshimu jirani namna hiyo Jumapili mchana, na jioni ile ile, chini ya paa letu, tunamhubiria mke au mume kama mtu asiyebatizwa. Desturi ya jumuiya ije nyumbani. Mkimaliza kusoma, kila mmoja aseme neno moja lililomgusa, na sentensi yake ianze na "mimi". Ikianza na "wewe", bora anyamaze, asali Salamu Maria moja moyoni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halielezwi vya kutosha. Msijichagulie Injili ya kusoma. Fuateni kalenda ya liturujia, ile inayouzwa parokiani kila mwaka mpya unapokaribia. Jumapili zina mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A ni wa Mathayo, B ni wa Marko, C ni wa Luka, na Yohana husomwa hasa katika Kwaresima na Pasaka. Siku za kazi mpango ni mwepesi zaidi. Katika majuma ya kawaida Kanisa husoma Marko juma la 1 hadi la 9, kisha Mathayo mpaka juma la 21, kisha Luka mpaka mwisho, na kila mwaka hurudia Injili zile zile. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu mtu mwenye kinyongo akiachiwa kuchagua, mkono wake utafungua pale panapomchapa mwenzake. Mume aliyekasirika atatafuta utii. Mke aliyekasirika atatafuta Mafarisayo. Kalenda haina hasira na mtu. Inawaletea nyote wawili neno ambalo hakuna aliyelipanga, na aliyeguswa hawezi kusema, "Umenitafutia hili."

Mara nyingine neno hilo huja kwa wakati wake mpaka mtu akaogopa. Ninyi mnaokaa sehemu za majani chai, Murang'a, Kericho, Nyamira na kwingineko, mnajua mwezi wa Oktoba ulivyo. Watu wanangojea bonasi, au imeingia tayari. Huo ndio mwezi wa furaha na ndio mwezi wa vita. Namba ya chai mara nyingi iko kwa jina la mume, lakini anayeamka na kikapu mgongoni, umande ukimlowesha mpaka kiunoni, mara nyingi ni mke. Sasa fungueni kalenda zenu. Jumatatu ya juma la 29, ambayo huwa kati ya tarehe 17 na 23 Oktoba, Injili ni Luka 12, mstari wa 13 hadi 21, isipokuwa mwaka ambao sikukuu ya Mtakatifu Luka, tarehe 18, imeangukia Jumatatu hiyo.

Mnakumbuka inavyoanza? Mtu mmoja katika umati anamwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu anakataa kuwa mwamuzi wao. Badala yake anawaambia habari za mkulima mmoja ambaye shamba lake lilizaa sana. Msomeni mkulima huyo polepole. Anajiuliza mwenyewe afanye nini. Anajijibu mwenyewe. Anapanga kubomoa ghala zake na kujenga kubwa zaidi, kisha anaiambia nafsi yake ile, inywe, istarehe. Katika hadithi yote hiyo hakumshauri mtu hata mmoja. Hatusikii mke, hatusikii mtoto, hatusikii wale waliovuna. Mpaka Mungu anaposema naye usiku ule, yeye alikuwa akizungumza na moyo wake tu.

Bwana ambaye bonasi imeingia katika akaunti yake na bado hajataja kiasi chake nyumbani, Injili hii itamgusa bila mkewe kufungua mdomo. Na mama mwenye pesa za chama alizozificha kwa dada yake, huku karo ya shule inatafutwa kwa mkopo, naye itamgusa pia. Kama mama angeitafuta yeye siku ya malipo na kuisoma akimtazama mumewe, tungekuwa na ugomvi wa wiki nzima. Lakini imekuja yenyewe. Wakikaa kimya dakika tano baada ya kuisoma, inawezekana mmoja akasema, "Mimi limenigusa neno la yule mtu kupanga peke yake." Hapo hesabu za nyumba zinaweza kuletwa mezani usiku uo huo.

Labda utaniuliza, "Katekista, na siku tuliyogombana je? Tusome vile vile?" Ndiyo, someni. Ijumaa ya juma la kwanza la Kwaresima twasikia katika Mathayo 5 kwamba mtu akiwa ameleta sadaka yake altareni, akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale, aende kwanza wapatane. Wengine hulitumia neno hili kuacha sala: "Siwezi kusali naye, tumekosana." Lakini Bwana anamtuma mtu huyo akapatane, kisha arudi. Hakumwambia aende akalale akiangalia ukuta. Usiku wa ugomvi msishirikishane lolote, kwa sababu hata sentensi inayoanza na "mimi" inaweza kuwa na sumu. Mmoja asome, mwingine asikilize, kisha msali Baba Yetu pamoja, polepole. Mkifika pale tunapoomba tusamehewe kama nasi tunavyosamehe, mtajua wenyewe mmefika. Wapo walionieleza kwamba sauti iliwakwama hapo, mmoja akanyamaza na mwingine akaendelea peke yake. Hata hivyo mmesali. Afadhali Baba Yetu iliyokwama kuliko kila mtu na blanketi lake.

Hapa lazima niseme jambo zito, na naomba lisichukuliwe kwa wepesi. Wapo waume wanaopiga wake zao, kisha wakawafungulia Mathayo 18, mahali ambapo Petro aliambiwa asamehe sabini mara saba, ili mke arudi kimya na asiende kwa padre wala kwa chifu. Hiyo ni kulitukana neno la Mungu. Kusamehe hakumlazimishi mtu kukaa mahali anapovunjwa mifupa. Papa Fransisko katika wosia wake wa Amoris Laetitia wa mwaka 2016 alieleza kwamba kuna nyakati ambapo kutengana huwa lazima, kumkinga mwanandoa aliye dhaifu au watoto wadogo na ukatili. Mama unayesoma haya ukiwa na alama mwilini, usingoje juma lijalo. Tafuta kwanza mahali pa usalama, wewe na watoto, uwaambie padre na polisi. Sura ile ile ya 18 inasema ndugu akikukosea na asikusikie wewe peke yako, uite wengine, na mwishowe uliambie Kanisa. Waume wa namna hiyo huruka mistari hiyo. Na mwanamume anayepigwa, maana wapo na huona aibu kusema, neno ni lile lile.

Kwa wale ambao kazi imewatenganisha, mmoja Mombasa au Ughaibuni na mwingine nyumbani na watoto, kalenda inawasaidia kuliko wote. Injili ni moja siku hiyo, huku na huko. Isomeni kila mmoja mahali pake, na mkipigiana simu, kabla ya habari za ng'ombe na karo, kila mmoja ataje neno lake. Aliyeoana na mtu wa dhehebu jingine asiogope pia. Injili nne ni zile zile katika Biblia yake, na huenda akazijua kukushinda. Na kama mwenzako hataki kabisa, usimvute kwa nguvu wala usisome kwa sauti ili asikie chumbani. Soma yako kimya. Yule asiyejua kusoma asione haya, masikio yake yanatosha, na kuna watoto wa shule ambao watafurahi kumsomea.

Mnaotaka kuanza leo na hamna kalenda, anzeni na Marko. Ana sura 16 tu, naye hapotezi maneno. Chukueni habari moja kwa jioni moja, msimeze sura nzima kama dawa ya minyoo. Badilishaneni zamu, aliyesoma leo kesho asikilize, ili pasiwe na mwalimu wa kudumu na mwanafunzi wa kudumu. Simu ziachwe chumba kingine. Wekeni kitabu mahali mkono unapofika, si juu ya kabati. Na kama mwenzako ametoka shambani au kazini amechoka, akasinzia katikati ya Injili, usimwamshe kwa ukali wala usimkumbushe wale mitume waliolala Gethsemane. Mfunike vizuri, malizia kusoma kwa sauti ya chini, kisha uzime taa.