Namba Moja Haitoshi Kumhukumu Paka

Dalili ya kwanza huwa maji. Paka aliyezoea kuonja tu bakuli lake anaanza kulimaliza, anakojoa kutwa, na mgongo unabaki mifupa ingawa anakula kwa pupa. Mwenyewe anamtia kikapuni, anampandisha tuktuk pale Ukunda, na kwa daktari wa mifugo tone la damu linatoa jibu: 16. Kipimo ni milimoli kwa lita, kile kile wanachokifahamu wagonjwa wa sukari wa Diani na Msambweni. Paka mzima huwa kati ya 4 na 7 hivi. Maswali mawili yanazuka kwa pamoja: je, ni kisukari kweli? Na mwenye paka ana wajibu gani?

Swali la pili lina majibu ya zamani kuliko mashine yoyote. Watoto wa madrasa wa Pwani ya Kusini husimuliwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie wadudu wa ardhini. Husimuliwa pia habari za sahaba Abu Qatada. Alipotengewa maji ya kutawadha, paka alikijia chombo, naye akakiinamisha mpaka mnyama akatosheka. Mkazamwanawe alipostaajabu, alimweleza kwamba Mtume amefundisha kuwa paka si najisi, naye ni katika wanaowazunguka watu majumbani mwao.

Kisa cha mwanamke yule kinaugusa ugonjwa huu kwa karibu sana. Kisukari huwapata zaidi paka wa makamo na wazee, wanene, hasa madume waliohasiwa, wanaoshinda ndani bila kukimbia. Paka wa soko la samaki hula vichwa vya tafi na kuwinda mijusi. Wa ghorofani Diani hana njia ila punje kavu zenye wanga anazomiminiwa. Aliyemzuia kiumbe asijitafutie amejitwika na yatokanayo na kizuizi hicho.

Izz ad-Din ibn Abd as-Salam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Kwale, alifariki Cairo mwaka 1262. Katika kitabu chake cha kanuni za sheria alizitaja haki za mnyama juu ya binadamu, na miongoni mwake ni kumgharimia hata akizeeka au akiugua ugonjwa utakaomwacha bila faida yoyote kwa mwenyewe. Karibu karne saba kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921, wajibu ulikwisha kuandikwa.

Lakini kugharimia bila kujua kunaweza kuua. Insulini ikizidi huiangusha sukari mpaka paka akapepesuka, akashikwa na degedege na kufa. Na lile 16 bado si ushahidi kamili. Paka aliyetishwa na mngurumo wa tuktuk, mbwa wa chumba cha kungojea na mikono ya mgeni humwaga homoni za hofu, na sukari yake huweza kufika hapo au kupita, hali kongosho lake ni zima. Mafaqihi wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: mwenye udhu akishuku tu kuwa umetenguka, hubaki na udhu wake. Kanuni hiyo inamfaa sana daktari. Namba moja iliyochukuliwa katika hofu ni shaka, hata ikiandikwa kwa tarakimu.

Kwa hiyo hutafutwa mashahidi wengine. Mkojo ni mmoja wao, kwa kuwa figo za paka huanza kuvujisha sukari damu inapopita 14 au 16 hivi. Mwingine ni kipimo cha fruktosamini, yaani protini za damu zilizoshikana na sukari, ambacho huonyesha hali ya wiki moja hadi tatu zilizopita. Hofu ya saa moja haikisogezi.

Mashahidi wakikubaliana, sindano huanza, kwa kawaida kila baada ya saa 12, na mwenyewe hujifunza kuchoma ukingo wa sikio na kupima nyumbani. Hapo namba huanza kusomwa kwa mfuatano. Katika siku maalumu hupimwa kila baada ya saa mbili ili ijulikane sukari inashuka mpaka wapi. Madaktari wengi hutaka kiwango hicho cha chini kiwe kati ya 5 na 8, na chini ya 3.5 ni hatari. Asubuhi ikisoma 18, mtu hutamani kuongeza dawa. Pengine adhuhuri ilikuwa 6, na nyongeza hiyo ingempeleka paka shimoni. Mashine za watu nazo mara nyingi humsomea paka chini ya ukweli, kwa sababu karibu sukari yake yote imo katika maji ya damu, si ndani ya chembe nyekundu. Tena insulini ya watu ina yuniti 100 kwa mililita, ya wanyama mara nyingi 40. Ya watu ikivutwa kwa bomba la wanyama, dozi huzidi mara mbili na nusu. Kujua haya ni sehemu ya matunzo, sawa na chakula na maji.

Wapo watakaouliza itakuwaje paka atibiwe wakati watu wanahangaikia insulini yao wenyewe. Swali ni la haki. Wajibu huu, hata hivyo, unamkalia mwenye paka, katika mali yake, kwa uwezo wake. Dawa ya hospitali ya watu haihusiki.

Zito zaidi ni la kumuua ili apumzike. Vitabu vya baadaye vya madhehebu ya Shafi vinakataza kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Wanachuoni wa leo wametofautiana, na wapo wanaoruhusu pale maumivu yanapokuwa makali na tumaini limekatika. Afuataye kauli hii ya pili analazimika kujua kwanza kama tumaini limekatika kweli. Kwa kisukari, mara nyingi halijakatika. Baadhi ya paka, hasa wanaoanzishiwa insulini mapema na kulishwa chakula cha nyama chenye wanga kidogo, huacha kuihitaji baada ya miezi michache. Ugonjwa unaweza kurudi, kwa hiyo upimaji hauachwi, na kila namba huandikwa pamoja na saa yake, na kama paka alikuwa ametulia au la.