Uko Tayari Kurudia Kazi ya Saa Ngapi?

Msikilizaji, kama data za biashara yako zinakiliwe kila siku au kila wiki, kalenda haiwezi kukujibia. Jibu liko katika kiasi cha kazi ambacho uko tayari kukipoteza. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Kwa kawaida nakala zilichukuliwa kila baada ya saa 24. Nakala hizo za kila siku, walipozitafuta, hazikuwapo: programu ya kunakili ilikuwa ikishindwa kimyakimya. Iliyowaokoa ni nakala ya saa 6 kabla, iliyochukuliwa kwa mkono kwa shughuli nyingine kabisa, na bado takriban akaunti mpya 700 zilipotea.

Wapo watakaosema kunakili mara kwa mara ni gharama na kunajaza diski. Si lazima. Nakala kamili inaweza kuwa ya wiki, kisha kila saa yakanakiliwa mabadiliko tu. Duka linaloandika mauzo kutwa nzima lisijilinganishe na ofisi inayogusa faili zake Ijumaa pekee. Leo, kabla ya kupanga ratiba yoyote, jaribu kwanza kurejesha nakala uliyonayo.