Kungoja si Kuvizia

Kila mwezi nampeleka mama kliniki ya presha. Tunatoka nyumbani alfajiri, tunafika bado giza, tunachukua namba, kisha tunakaa kwenye benchi. Siku moja mama alikuwa amefumba macho, nami nikicheza gemu ya zamani kwenye simu. Muuguzi akaita kundi letu tukapime uzito. Nikaitia simu mfukoni, nikamshika mama mkono, tukaenda, tukarudi. Nilipoitoa tena, kijana wangu wa kwenye gemu alikuwa palepale nilipomwacha, kwenye majani nje ya mji, na mbele yake dubwana dogo lenye umbo la tone, la rangi ya buluu, likitabasamu. Lilikuwa halijamgusa. Muda wote ule lilikuwa likisubiri niamue: nipigane, nitumie uganga, au nikimbie.

Mama akachungulia. "Huyo mtu wako mbona hatembei?"

"Ananingoja, mama."

Akafikiri kidogo. "Basi ana adabu," akasema, akafumba macho tena.

Neno hilo nimekaa nalo muda mrefu. Gemu nimezisikia zikiitwa upotezaji wa muda, sumu ya watoto, na siku hizi hata ajira. Kuambiwa zina adabu ilikuwa mara ya kwanza. Kila nikilirudia jibu la mama, naona aligusa jambo ambalo mimi niliyezicheza miaka mingi sikuwa nimelitia maneno.

Gemu yenyewe ni Dragon Quest. Ilitoka Japani tarehe 27 Mei 1986, kwa ajili ya mashine ya Nintendo iliyoitwa Famicom. Aliyeibuni ni Yuji Horii, michoro ya madubwana ikawa ya Akira Toriyama na muziki wa Koichi Sugiyama. Gemu nzima, pamoja na kasri, miji, mapango na mazungumzo yake yote, ilienea ndani ya kilobaiti 64. Picha moja niliyompiga mama kwa simu hii ni nzito kuliko ulimwengu ule wote. Ni katika zile gemu za kuvaa uhusika: unapewa mtu, unakuwa yeye, unatembea kwa miguu yake, na maamuzi yake yanakuwa yako. Mila hiyo ilianzia mezani, kwa karatasi, penseli na dadu, Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974. Kisha ikaingia kwenye kompyuta. Horii alizipenda gemu mbili za Kimarekani za mwaka 1981, Wizardry na Ultima, akataka mtoto wa kawaida mwenye Famicom sebuleni naye aionje ladha ile.

Lakini watoto wale walikuwa wamezoea mwendo mwingine. Mwaka mmoja kabla, 1985, ilikuwa imetoka Super Mario Bros., na huko kidole kikichelewa kidogo tu, umetumbukia shimoni. Horii akaleta gemu ambayo uzito wa kidole si kosa. Mapigano ni ya zamu: wewe unaamua, kisha dubwana nalo linafanya lake. Kabla hujaamua, hakuna kinachotokea. Unaweza kwenda kuepua chungu jikoni ukarudi.

Hapa pwani tunaijua heshima hiyo kwa sababu tuna bao. Baba yangu mdogo ndiye aliyenifundisha. Mashimo 32, kete 64. Kila mmoja anaanza na kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zinabaki mkononi za kunamua. Nilikuwa natupa kete mara tu yeye anapomaliza kusambaza zake, nikidhani wepesi ndio uhodari. Yeye alikuwa anazishika kete kiganjani, anazisikiliza zikigongana, anatazama shimo hadi shimo. Nikimwambia "Baba mdogo, cheza," alinijibu, "Nacheza." Nilichukua miaka kuelewa kwamba kweli alikuwa anacheza. Kule kutazama kulikuwa ndani ya zamu yake, na mimi kumwachia nafasi atazame kulikuwa ndani ya mchezo wangu.

Mchezo wa namna hii hauwafungii mlango wenye mwendo mzito. Kwenye Dragon Quest ile ya kwanza, tone la buluu ukilishinda linakupa pointi moja ya uzoefu. Kufika levo ya pili unahitaji saba. Ndiyo kusema, unaanza na matone saba, nje kidogo ya mji, karibu na nyumba ya wageni utakayokwenda kulala ukiumia. Ukivuka daraja, madubwana yanakuwa makali zaidi. Hakuna aliyejenga ukuta, ila mwenyewe utajua kama umevuka mapema. Na ukifa, unaamkia mbele ya mfalme, nusu ya dhahabu yako imekwenda, lakini uzoefu wako wote unao. Nimewahi kufunga duka. Mtaji ulikwenda, lakini kujua nani anakopa akalipa na bidhaa ipi inalala kwenye rafu, hivyo nilitoka navyo. Nilipofungua la pili sikuanzia pale nilipoanzia la kwanza. Kwa hiyo mizani ile ya dhahabu na uzoefu kwangu si uganga wa gemu. Naiona ni kweli ya maisha iliyowekwa mahali ambapo mtoto wa miaka kumi anaweza kuigusa.

Na kuna hili: unapotoka tu kwenye kasri la mfalme mwanzoni, ng'ambo ya maji unaliona kasri la adui yako. Ni karibu sana. Ungekuwa na mtumbwi ungefika mara moja. Lakini mtumbwi haupo, na njia ya kufika pale inazunguka nchi nzima. Saa na saa utakuwa unazunguka, na kila ukirudi nyumbani unaliona tena, liko palepale. Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama, na methali hii huwa tunaikata nusu, tukabaki na pole tu. Simba yule anajua anakwenda wapi. Pole yake imeelekea mahali.

Gemu hiyo nayo ilidai subira kwa mchezaji wake. Toleo la Japani halikuwa na njia ya kuhifadhi ulipofikia. Ulirudi kwa mfalme, naye akakupa maneno ya uganga yenye herufi 20, yasiyo na maana yoyote, uyaandike kwenye karatasi. Kesho yake unayaingiza moja moja. Ukikosea herufi moja, ukasoma hii ukadhani ile, mlango haufunguki. Nawafikiria watoto wale usiku, mama zao wanawaita wakalale, wako mbele ya televisheni na penseli, wanahakiki herufi mara mbili. Betri ya kuhifadhi safari ilikuja na Dragon Quest ya tatu, mwaka 1988. Kabla yake, kungojewa kulikuwa na upande wa pili: mchezo unakungoja, nawe uutunzie mahali pake kwa mwandiko safi.

Si kila gemu ya utulivu inasimamisha saa. Stardew Valley ilitoka tarehe 26 Februari 2016, kazi ya mtu mmoja, Eric Barone, aliyekaa nayo takriban miaka minne na nusu akifanya mwenyewe picha, muziki, maandishi na programu. Aliipenda Harvest Moon ya Yasuhiro Wada, ya mwaka 1996, akataka kuirudisha ladha yake. Humo unarithi shamba la babu yako. Siku moja ya mle ndani ni kama dakika 14 za huku nje, kwa hiyo jua linatua kweli, na mimi mwanzoni nilikimbia: kumwagilia, kuvua, kuchimba madini, kupeleka zawadi. Nilichoka kama niliyelima kwa jembe. Kisha nikagundua kwamba karibu kila nilichokuwa nakikimbilia kingekuja tena. Masika yakipita yatarudi. Samaki wa kiangazi atakuwepo kiangazi kijacho. Hata babu, anayerudi mwanzoni mwa mwaka wa tatu kuangalia umefanya nini, hakuhukumu mara moja tu. Ukiweka almasi mahali pake pa kumbukumbu, atakuja kukutazama upya. Mwenye kuiandika gemu hii aliikalia miaka minne na nusu, na naamini subira ile imo ndani yake. Mtu hawezi kugawa asichokuwa nacho.

Sasa niseme linaloniuma. Mpwa wangu wa darasa la saba tulimkuta macho saa nane usiku, shuka limefunika kichwa, mwanga wa simu unapenya. Alikuwa na ngome yake kwenye gemu, na kama asingeamka kukusanya dhahabu, wengine wangemvamia. Pia kuna zawadi ya kila siku: ukikosa siku moja, hesabu inaanza upya. Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, ikisema ofa inakwisha. Kuna nguvu zinazokwisha, ambazo unazingoja zijae au unazinunua. Kijana yule hakuwa akicheza. Alikuwa zamu ya ulinzi, bila mshahara.

Kwa mbali gemu hizo nazo zinaonekana zinakungoja, kwani ziko mfukoni, zimenyamaza, mpaka simu itikisike. Lakini paka aliyekaa kando ya tundu la panya naye ametulia. Kiswahili kina maneno mawili hapa, na naona ni hazina. Anayekungoja anataka ufike. Anayekuvizia anataka uteleze. Wote wawili wamekaa kimya, wote wawili wana subira, na tofauti yao iko katika kile wanachokutakia. Kwa hiyo sitasifu utulivu wowote ule, wala sitasifu subira yoyote ile. Kwanza nauliza: subira hii ni ya nani, na mwisho wake ananufaika nani?

Swali hilo lazima niligeuzie na kwangu. Gemu hizi za upole zinakula saa nyingi, makumi kwa makumi. Mtu anaweza kulima shamba la babu wa kwenye kioo huku shamba la babu yake halisi limeota magugu. Kwenda kwa mwendo wako hakumaanishi kutofika popote. Kipimo changu nilikipata pale kliniki: muuguzi akiita, je, naweza kuiweka mfukoni bila moyo kuvutana? Siku nitakayomwambia mama "ngoja kidogo nimalize," adabu itakuwa imeniponyoka mimi, hata kama gemu bado inayo.

Mwisho wa Dragon Quest ya kwanza, ukishafika lile kasri uliloliona siku ya kwanza, mfalme wa madubwana hakurukii. Anakupa ofa: ungana nami, nitakupa nusu ya dunia. Kwenye kioo kuna majibu mawili, ndiyo na hapana. Ukikubali, unaambulia giza, na safari yako yote imeishia hapo. Hakuna saa inayokimbia juu ya swali lile. Unaweza kulitazama usiku kucha, ukakumbuka matone saba, daraja ulilovuka mapema, mara zote ulizoamkia mbele ya mfalme. Utakalojibu litakuwa lako kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuharakisha. Nilipomaliza gemu hii nilianza kuwaogopa zaidi wanaonitaka nijibu sasa hivi: mkopo wa simu unaokwisha leo, kiwanja ambacho mteja mwingine yuko njiani, mkataba ambao hakuna haja ya kuusoma. Mwenye neno la haki hakosi usiku mmoja wa kukuachia ulifikirie.

Mwezi uliopita dirisha la dawa lilikuwa ghorofa ya kwanza. Zamani ningetangulia, nigeuke, nitazame saa, niseme "twende mama," na yeye angejilazimisha, akafika juu anahema na kuniomba radhi. Safari hii nilisimama ngazi moja chini yake, kadi ya kliniki mkononi. Kwenye ngazi ya nne akasimama, ameshika chuma cha pembeni, anavuta pumzi. Watu walitupita wakipanda na wakishuka.

"Nakuchelewesha, mwanangu," akasema.

"Hapana, mama. Ni zamu yako."

Akakaa kidogo tena. Kisha akainua mguu.