Vudee hakuna asiye na kazi?

Msukosuko wa uchumi wa dunia ulipobisha hodi nchini, Rais Kikwete alitangaza, Juni 2009, mpango wa kuunusuru uchumi wa takriban Sh trilioni 1.7. Takwimu za wakati ule zilionyesha ukuaji wa uchumi ukishuka kutoka asilimia 7.4 mwaka 2008 hadi 6.0 mwaka 2009. Bei ya tanzanaiti iliporomoka, na machimbo ya Mererani yakapoteza watu.

Swali la kujiuliza ni hili: anayekosa kazi huenda wapi? Utafiti wa nguvukazi wa mwaka 2006 ulikuwa umeonyesha ukosefu wa ajira Dar es Salaam unazidi asilimia 30, ilhali vijijini haufiki asilimia 8. Msomaji wa harakaharaka atadhani kijijini kazi zimejaa tele.

Nachukua mfano wa Vudee, katika milima ya Upare, wilayani Same. Maji ya kijito hukusanywa usiku kwenye ndiva, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu kumwagilia mashamba. Kijana akirudi kutoka mjini hafukuzwi. Hupewa jembe na huitwa kwenye msaragambo. Kwa vipimo vile, aliyelima chakula chake alihesabiwa ana kazi. Lakini ndiva haiongezeki maji kwa sababu yeye amerudi, wala shamba la baba halipanuki. Chakula cha watano kikiliwa na saba, asilimia haioni.

Je, takwimu zinasema uongo? La hasha. Zinajibu swali zililoulizwa. Kosa ni la anayezifanya hati ya kumwondolea wajibu.

Imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba Ansari mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimuuliza nyumbani kwake kuna nini. Palikuwa na tandiko na bakuli tu. Vikauzwa kwa dirham mbili: moja ikanunua chakula cha familia, nyingine shoka, na yule bwana akaenda kukata kuni. Hesabu ya mafukara wa Madina nzima isingelitaja bakuli lile.

Serikali ihesabu, ni wajibu wake. Lakini sisi tunaoishi mjini, ambao wazee wetu milimani ndio wanaowapokea waliokosa kazi, tunawajua kwa majina. Tukipiga simu nyumbani tuulize nani amerudi, anakula kwa nani, na anahitaji shoka gani ili ajitegemee.

Wallahu a'alam.