Kuzuru na Kupita Njia

 

Ndugu yangu msomaji, masika yanapoingia na kusi kuanza kuvuma, mtu wa shamba hana siku ya kukaa. Mara atafuta mbegu, mara apeleka jembe kwa mhunzi, mara aenda dukani kununua chumvi na mafuta ya taa kabla njia hazijajaa matope. Na kando ya njia hizo hizo ndiko wakaako wazee wetu, ambao miguu yao haiwafikishi tena msikitini wala sokoni. Basi hapa pana suali ambalo wengi wetu hatujiulizi: mtu apitaye kwa mzee hali yumo katika shughuli yake, akatoa salamu na kuuliza hali, kisha akaenda zake, je, huyo amezuru, au amepita njia tu?

Wako wasemao kuwa hiyo si ziara. Hoja yao ni hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra, Mungu amwie radhi, ya mtu aliyetoka kwenda kumzuru nduguye katika mji mwengine. Mwenyezi Mungu akamweka malaika njiani kumngoja, naye akamwuliza kama ana maslaha yoyote kwa nduguye anayoyaangalia. Yule mtu akajibu kuwa hana, illa ampenda kwa ajili ya Mungu. Ndipo malaika akampa bishara kuwa Mungu naye ampenda yeye. Wasema basi: huyu alisifiwa kwa kuwa safari yake haikuwa na haja nyengine ndani yake.

Hoja hii ni nzito, lakini haitoshi kumnyima mwenye shughuli thawabu yake. Kwani hata Hija, ambayo ni nguzo ya dini, Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratil Baqara, aya ya 198, kuwa si dhambi kwa mwenye kuhiji kutafuta fadhila ya Mola wake, na wafasiri wameeleza kuwa makusudio yake ni biashara. Ikiwa biashara haiharibu Hija ya mwenye nia safi, pishi mbili za mbegu begani hazitaharibu ziara.

Tena tutazame alivyofanya Abdallah bin Umar. Muslim amepokea kuwa alikutana na bedui mmoja katika njia ya Makka, akamtolea salamu, akampandisha juu ya punda aliyekuwa akimpanda mwenyewe, na akampa kilemba kilichokuwa kichwani mwake. Wenzake walipostaajabu, alisema kuwa baba wa mtu yule alikuwa rafiki ya baba yake Umar, na kwamba alimsikia Mtume akieleza kuwa katika wema ulio bora kabisa ni mtu kuwaunga wale aliowapenda baba yake. Basi huyu hakufunga safari kumzuru mtu. Alikuwa njiani kwa shughuli yake, kama wewe na mimi. Lakini alishuka.

Nami nitataja lililonifika mwenyewe, si kwa kujisifu, bali kwa kujihukumu. Palikuwa na mzee, rafiki ya marehemu baba yangu, ambaye nyumba yake iko kando ya njia yetu ya kwenda dukani. Kila nilipopita nilimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," naye hunijibu, "Marahaba, mwanangu. Wenda wapi?" Nami humwambia, naenda dukani, au kwa mhunzi, au shamba, naye huniombea kheri, nikapita. Nikajihisabu kuwa ni mtu mwema, kwani haikupita juma ila nimemwona.

Siku moja, mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, nilikwenda kwake bila ya haja yoyote. Akaniuliza kama ada yake, "Wenda wapi?" Nikamwambia, "Nimekuja kwako, mzee wangu." Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi ingia ndani." Nilipoingia niliona kitanda chake kimesogezwa hata katikati ya chumba, na vyungu viwili viko chini vyakinga maji, kwani makuti ya upande mmoja yalikuwa yameoza. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Nitakwambiaje, mwanangu, nawe kila siku uko njiani?"

Ndipo nilipofahamu maana ya lile suali lake. Mzee hakujiona kuwa yeye ni mwisho wa safari ya mtu yeyote. Na mtu mzima ana haya. Hawezi kumtwika mwengine aliyemwona amekwisha jitwika. Basi dhara ya kupita si kwamba salamu yetu haina thawabu. Dhara yake ni kuwa humfanya mpitaji adhani ameijua hali ya mzee, na humfunga mzee mdomo. Wahenga wamesema, asokuwapo na lake halipo. Mzee aliyekoma kutoka, lake halipo msikitini wala barazani, mpaka tumwendee.

Kwa hivyo jawabu yetu ni hii: shughuli haibatilishi ziara, kutoshuka ndiko kunakoibatilisha. Mwenye shughuli na apite kwa mzee anapokwenda, si anaporudi. Kwani aendaye dukani aweza kutumwa, lakini arudiye hana ila kuonyesha alichojinunulia. Na abishe hodi, na akiambiwa arudi, arudi bila ya kuona uchungu, kama tulivyofundishwa katika Suratin Nur, aya ya 27 na 28. Akikaribishwa, auweke mzigo wake chini na akae kitako. Na katika siku zake nyingi za kupita, atoe moja isiyo na haja ndani yake.

Huenda mtu akasema: siku za kupanda hazingoji, na watoto wangu wana haki juu yangu kuliko rafiki ya baba yangu. Ni kweli, wala hatumwambii mtu aliache shamba lake. Lakini na akumbuke kuwa mvua ile ile aishukuruyo kwa kuotesha mbegu yake ndiyo imwangukiayo mzee kitandani. Makuti yale tuliyaezeka upya watu wanne kwa asubuhi moja. Asubuhi moja tu, nami nimepita mbele ya nyumba ile miaka mingi.

Na kila mmoja wetu, Mungu akimpa umri, atakaa juu ya baraza yake akitazama wapitao, na kuwauliza wendako. Twamwomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe kuwafanyia wazee wetu yale tutakayoyahitaji siku hiyo, na azisafishe nia zetu. Amin.