Karatasi Imetokea Wapi?

Somo: Kumbukumbu la Torati 30:11–14



Musa alipokuwa akiwaaga Waisraeli katika nchi ya Moabu, kabla hawajavuka Yordani, alivijua visingizio vyao hata kabla hawajavitoa. Aliwaambia kwamba agizo la Mungu haliko mbinguni, hata watafute wa kupanda kuwaletea, wala haliko ng'ambo ya bahari, hata wangoje wa kuvuka. Liko karibu nao, kinywani na moyoni, ili walitende. Tuangalie anapoishia. Anapita kinywani, anapita moyoni, kisha anatua kwenye kutenda.

Nililielewa somo hili vizuri zaidi nikiwa kwenye foleni ya ofisi moja ya akiba na mikopo hapa Bomet. Ulikuwa msimu wa bonasi ya majani chai, watu wamejaa hadi barazani. Mbele yangu alikuwa kogo mmoja, yaani bibi mzee, aliyetaka taarifa ya akaunti yake ikiwa kwenye karatasi, aipeleke kwa kamati ya basari kwa ajili ya mjukuu wake. Programu ya hesabu haikai kwenye kompyuta ya karani. Iko kwenye mtambo wa makao makuu, naye huingia humo kwa mbali. Akaipata akaunti, akabonyeza, kioo kikaonyesha kwamba kazi imetumwa. Printa iliyokuwa karibu na kiwiko chake haikutikisika. Akabonyeza tena, akangoja, akabonyeza tena.

"Kogo, vumilia kidogo," akasema. "Ni mtandao."

Haikuwa mtandao. Punde simu ikalia kutoka makao makuu: ni nani anayemimina taarifa za mteja huku? Karatasi zilikuwa zikitoka kweli, nakala juu ya nakala, lakini katika chumba ambacho hakuna aliyeziomba. Kogo alikuwa amesimama mikono mitupu, na siri ya akiba yake inasomwa na watu wasiomjua.

Fundi kijana aliyeitwa alitueleza jambo ambalo limekaa nami tangu siku hiyo. Ukiingia kwenye kompyuta ya mbali, unachokiona mbele yako ni picha yake tu. Macho yako yanaona ya kule, vidole vyako vinaandika kule, na ukisema chapisha, ni ile ya kule inayotafuta printa inayoijua yenyewe. Printa iliyo mezani pako haiijui, hata kama unaweza kuigusa. Ili iijue, lazima uiruhusu. Kwenye programu ya kuunganisha ya Windows kuna sehemu ya vifaa vya hapo ulipo, na ndani yake kisanduku cha printa. Kikiwa na tiki, printa yako huonekana kule kwa jina lake. Kikiwa kitupu, utaona kila kitu na kuandika kila kitu, lakini karatasi haitatoka mbele ya anayeingoja.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaabudu hivyo. Jumapili tunaingia uweponi mwa Bwana tukiwa tumefungua macho na kinywa. Tunaona, tunaimba, tunaitika "Amina" kwa sauti. Lakini kile kisanduku cha printa tumekiacha kitupu. Hatujaruhusu mfuko wetu, gari letu, saa zetu za Jumatatu, wala kalamu tunayolipia nayo wachumaji wetu. Yakobo aliwauliza waumini wa wakati wake inafaa nini kumwambia ndugu mwenye baridi na njaa aende akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu (Yakobo 2:15–16). Leo tungeandika kwenye kundi la simu la kanisa, "Pole sana, tunakuombea," na simu ingeonyesha kwamba ujumbe umefika. Umefika kweli, ila kwa mgonjwa wa Mulot anayedaiwa bili ya hospitali hakijafika kitu.

Nimesema habari ya wachumaji kwa makusudi. Bonasi ikiingia, tunatoa shukrani madhabahuni, na ni vyema. Lakini kama yule kijana aliyebeba kikapu kwenye shamba lako mvua yote ya Aprili bado anakudai, sadaka yako imechapishwa kwenye chumba kingine. Imetoka, tena ina jina lako, ila haikutoka mahali ilipokuwa inangojwa.

Fundi yule aliendelea. Karani alitaka kuweka tiki palepale alipo, akaambiwa haiwezekani. Ruhusa hiyo hutolewa kabla ya kuingia. Hana budi kutoka, tena atoke kabisa, si kufunga dirisha tu, maana ukifunga dirisha kikao chako kinaweza kuendelea kule bila wewe. Atoke, aweke tiki, kisha aingie upya. Nikakumbuka Mathayo 5:23–24, ambapo Bwana anamwambia aliyefika madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka pale pale, aende wapatane kwanza, ndipo arudi. Katikati ya ibada, mtu anaambiwa atoke! Kuna mambo ambayo hayatengenezwi kwa kuongeza nyimbo. Yanatengenezwa kwa kuondoka kitini, kwenda kwa jirani wa ng'ambo ya ua, kumaliza ya mpaka wa shamba, na kurudi.

Tuangalie pia jinsi fundi alivyotafuta kosa. Hakuanza na makao makuu. Alianza na printa yenyewe: ina stima, ina karatasi, waya umekaa? Akachapisha ukurasa mmoja kutoka kwenye kompyuta ya karani bila kuingia kule, ukatoka safi. Ndipo akaenda kwenye kisanduku, kisha akaifuta foleni ya kazi zilizokwama na kuiwasha upya huduma yake. Kule mbali angegusa mwishoni. Siku hizi, alisema, hata habari ya programu za printa si mzigo mkubwa kama zamani, kwa kuwa tangu Windows Server 2008 kuna njia ya kuchapisha bila kila printa kuwekewa programu yake kule. Mara nyingi tatizo liko upande huu.

"Ni mtandao" ndiyo ng'ambo ya bahari yetu. Ni jibu lisilomlaumu mtu na lisilomsaidia mtu. Kanisa likipoa, tunasema ni askofu. Vijana wakipotea, tunasema ni serikali ya kaunti. Nyumba ikikosa amani, tunasema ni shetani. Inawezekana wote wana sehemu yao, lakini tuanze na waya ulio miguuni petu.

Wazee wa hapa wanalo funzo lao. Mto Nyangores umeporomoka kwenye maporomoko ya Tenwek tangu enzi, karibu kabisa na hospitali ya misheni iliyoanza miaka ya 1930. Dkt. Ernest Steury alipofika mwaka 1959, akiwa daktari wa kwanza kukaa pale, maji yalikuwa yakianguka vilevile. Kwa miaka mingi hospitali iliendelea kutegemea jenereta za dizeli, mafuta yakiletwa kutoka mbali. Hatimaye, katika miaka ya 1980, maji yale yale yalizuiwa na kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme, taa za wodi zikawaka kwa nguvu iliyokuwa ikinguruma mlangoni. Haikuwa kazi rahisi. Ilitaka fedha, saruji na mikono mingi. Lakini nguvu yenyewe haikuletwa kutoka ng'ambo.

Neno moja la tahadhari. Fundi alisema pia kwamba kuna wakati upande huu wote uko sawa na karatasi bado haitoki, kwa sababu msimamizi wa kule amefunga mlango wa printa za nje. Hapo karani akiipiga printa makofi anaionea bure. Anayepaswa kuulizwa ni mwenye mamlaka ya kufungua. Nasema haya kwa ajili ya mama anayeomba mtoto miaka yote, na baba ambaye shamba lake limekauka ingawa amelitunza. Msiwaendee na orodha ya makosa yao. Ayubu alikagua kila kitu upande wake, na marafiki zake wakaendelea kumtafutia dhambi. Mwishowe Mungu aliwakasirikia wao. Ukishakagua ya karibu kwa uaminifu, una haki ya kupiga simu juu na kusema, "Bwana, sasa ni Wewe."

Wiki hii kila mmoja achague kitu kimoja kilicho ndani ya nyumba yake ambacho hajawahi kumruhusu Bwana akitumie, akitaje kwa jina, na ampelekee mtu mmoja anayengoja. Mwenye deni la mchumaji alilipe kabla ya Jumapili, ndipo aje na bahasha ya shukrani.

Tuombe: Ee Mungu uliye karibu, umetupa neno lako kinywani na moyoni. Tunakupa ruhusa ya mikono yetu na vilivyomo. Tuondolee uvivu wa kusingizia ya mbali. Wale waliokagua yote na bado wanangoja, wafungulie Wewe mwenyewe, nasi utufanye tusiwaongezee mzigo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.