Deni Lina Riba, na Hofu Ina Yake

Tafakari ya Jumapili ya 25 ya Mwaka C
Amosi 8:4-7, 1 Timotheo 2:1-8, Luka 16:1-13



Mfikirieni mama mwenye duka la vitenge pale Nshamba, mkoani Kagera. Barua ya Mamlaka ya Mapato (TRA) imemfikia, naye ameiweka chini ya godoro bila kuifungua. Mwanzoni lilikuwa deni la kodi tu. Akachelewa, ikaja adhabu. Juu ya adhabu ikapanda riba, na riba ya mwezi huu ikazaa ya mwezi ujao. Siku hizi gari la serikali likiingia sokoni, anashusha mlango wa duka. Rozari anasali kila jioni, lakini hajamwambia mtu, hata mumewe.

Wa namna yake tunao wengi, kuanzia Bukoba mjini hadi Kamachumu, na si wote walaghai. Wapo walioangukiwa na maduka katika tetemeko la 10 Septemba 2016 wakainuka kwa mikopo. Wapo wasiojua kutunza hesabu. Wapo pia, tusifichane, waliouza bila risiti wakidhani ni ujanja.

Injili ya leo huwatatiza hata mapadre. Wakili, yaani msimamizi wa mali, amegundulika na anaachishwa kazi. Kabla hajakabidhi hesabu, anawaita wadaiwa wa bwana wake mmoja mmoja. Mwenye deni la vipimo 100 vya mafuta anaandika 50. Wa ngano anatoka 100 hadi 80. Na bwana anamsifu kwa busara yake! Tumezoea kugombana na sifa hiyo hata tunapitwa na jambo dogo: kabla ya kupunguza, wakili anauliza. Kila mdaiwa anataja kwanza, kwa kinywa chake mwenyewe, anadaiwa kiasi gani. Hakuna aliyepunguziwa akiwa mafichoni.

Tena wapo wafafanuzi wa Biblia wanaosema kwamba ile nusu iliyofutwa haikuwa mafuta aliyoyachukua mtu. Ilikuwa riba, iliyochanganywa ndani ya hati kwa kuwa Torati ilimkataza mtu kumtoza riba ndugu yake. Kama ndivyo, wakili alimrudisha mdaiwa kwenye deni lake halisi.

Nchi yetu imewahi kufanya jambo linalofanana na hilo. Hadi 2018 sheria iliruhusu kusamehe riba na adhabu za kodi kwa nusu tu, kama yale mafuta. Mwaka huo ukomo ukaondolewa, walipakodi wakaitwa waombe msamaha wa asilimia 100 ya riba na adhabu. Kodi yenyewe haikuguswa: mwombaji alikiri anachodaiwa, akapanga kukilipa, hata kwa awamu, ndani ya mwaka wa fedha 2018/19. Mwaka 2022 ukafunguliwa mlango mwingine kwa wenye malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi: lipa kodi, riba inafutwa. Milango hiyo ilikuwa na tarehe ya kufungwa. Mwenye barua chini ya godoro haikumfaa kitu.

Hata pasipo msamaha wa jumla, njia zipo. Asiyekubali makadirio ana siku 30 za kuweka pingamizi. Kwa kawaida hudaiwa kwanza alipe theluthi ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia, kile kilicho kikubwa. Akiwa na sababu ya kweli anaweza kumwomba Kamishna amlegezee sharti hilo. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo anaweza kuomba kulipa kwa awamu. Na daftari ni mtetezi: kwa viwango vilivyowekwa 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka alitozwa 100,000 asipokuwa na kumbukumbu, na 30,000 akiwa nazo. Shilingi 70,000 nzima ni bei ya kutoandika.

Sisi mapadre tunayaona haya kwenye kitubio. Mtu anakaa miaka 15 mbali na sakramenti, na akija kusema, kosa lenyewe halitimizi dakika 2. Kilichokuwa kizito ni ile miaka. Deni lina riba, na hofu nayo ina yake: uongo wa kufunika uongo, usingizi wa mang'amung'amu, kuikimbia jumuiya kwa sababu katibu wake anafanya kazi halmashauri. Mungu hakuongeza hata senti katika hayo. Tumejitoza wenyewe. Anapotuuliza tunadaiwa nini, kiasi anakijua. Anatutaka tutoke mafichoni.

Lakini Amosi hatuachi twende nyumbani tumefarijika tu. Anawakemea wachuuzi wanaoona sabato inachelewa kuisha ili wakapunje vipimo na kumnunua maskini kwa thamani ya viatu. Huku kwetu dhambi hiyo ina jina: butura. Jirani mtoto wake amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya ada, na kahawa yake mtini ingali maua. Mwenye fedha anampa kidogo, anaihesabu miti kibanjani, na mavuno yakifika anazoa kahawa yote kwa bei isiyoikaribia ile ya chama cha msingi. Serikali imeikataza butura; sisi tunaifanya kwa kunong'ona, wengine njiani wakitoka Misa. Mtu yuleyule aliyeshangilia kufutiwa riba ya kodi anahesabu miti ya mjane! Mathayo 18 inamjua vizuri: amesamehewa talanta 10,000, anamkaba mwenzake kwa dinari 100.

Katika Sala ya Bwana tunataja makosa, lakini kwa Mathayo neno lenyewe ni deni. Na Tanzania haina haki ya kulisahau. Novemba 2001 nchi yetu ilipunguziwa madeni ya nje, baada ya Makanisa na watu wengi duniani kulidai jambo hilo kwa jina la Yubilei ya mwaka 2000. Ada ya shule ya msingi ikafutwa kipindi hichohicho, na kati yenu wamo walioingia darasa la kwanza wakati ule. Mwaka 2025 tuliadhimisha tena Yubilei, nasi ni watu wa taifa lililopunguziwa.

Basi kazi ya juma hili ni moja. Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika unachodaiwa, bila kupunguza. Kulia andika unachowadai wengine. Vya kushoto vipeleke vinakohusika: vya kodi ofisini, vya moyo kwenye kitubio. Kwa vya kulia, mwite mmoja tu. Mkaribishe kwa kahawa ya kutafuna kama ilivyo desturi ya Buhaya, kisha muulize alichukua kiasi gani hasa. Kilichozidi hapo, kifute mbele yake.

Nawe mama wa Nshamba, waitu, toa ile barua chini ya godoro. Ifungue leo, mumeo akiwapo.